Ng'ombe Ndani ya Ngitili ya Ukutani

Ipo siku moja, mwanangu, ambayo naikumbuka kwa mgongo kuliko kwa kichwa. Nilikuwa bado kijana. Yaani ilikuwa mwezi wa saba mwaka huu.

Usicheke. Wewe wa kidato cha kwanza unadhani mtu huzeeka kwa miaka. Subiri ufike kidato cha nne, ule maharage yale yale, ufanye mitihani ya majaribio mpaka hata jina lako uliandike kwa mashaka, ndipo utajua kwamba uzee unaweza kumkuta mtu ana miaka kumi na saba na ndevu tano. Mimi umeshanikuta. Kaa hapo kwenye ndoo yako nikupe ya kwangu kabla sijaondoka. Kuishi kwingi ni kuona mengi, na miaka minne ya bweni ukiihesabu vizuri ni arobaini.

Siku hiyo Mkuu wa shule alituita mimi na Kabula mbele ya ukuta wa bwalo. Kabula unamjua, yule dada mrefu wa Songwa. Ramani zote zilizobandikwa madarasani ni mkono wake. Mimi unanijua kwa jina la Geita, kwa kuwa baba yangu anachimba dhahabu huko, na wenzangu waliona jina nililobatizwa ni refu kuliko mimi.

Ukuta ule wakati huo ulikuwa na Mlima Kilimanjaro. Wewe uliukuta umeshachakaa, hukuuona vizuri. Fundi mmoja wa zamani aliutoa kwenye kalenda: mlima wa buluu, juu theluji kama povu la sabuni, chini twiga mrefu kuliko mlima wenyewe, na mtu mwenye mkuki amesimama kwa mguu mmoja, sijui alikuwa anasubiri nini. Chini pameandikwa TANZANIA NCHI YETU. Unyevu ulikuwa umekula plasta, shingo ya twiga imedondoka, imebaki miguu minne inayotembea bila mwenyewe.

"Mlima umechakaa," Mkuu akasema. "Mahafali yanakuja, na mgeni rasmi anatoka wilayani, pale Mhunze. Naomba muuchore upya. Juu uwe mweupe vizuri."

Mkuu wetu ni mtu mwema. Kwao ni Tanga, na shida yake ni moja tu, anaogopa wageni rasmi kama sisi tunavyoogopa paredi ya asubuhi.

Kabula akanyoosha mkono kama yuko darasani. "Mkuu, naomba kuuliza. Lazima uwe mlima?"

"Ulitaka uwe nini?"

"Ngitili."

Hapa lazima nisimame kidogo, maana wapo kati yenu waliokuja kutoka Dar na mabegi ya magurudumu. Ngitili ni malisho yanayofungwa. Mvua zikianza, familia au kijiji kinatenga kipande cha ardhi, na kuanzia hapo ng'ombe haingii. Nyasi zinaota, zinakomaa, zinadondosha mbegu, zinasimama tu kama akiba. Kiangazi kikishakula kila kitu kwingine, ndipo wazee wanakaa, wanaifungua, na ng'ombe wanalishwa kidogo kidogo mpaka mvua irudi. Ukiingiza ng'ombe kabla ya wakati hupelekwi polisi. Unaitwa kwenye baraza la wazee, unatozwa ng'ombe, na maneno utakayoambiwa wajukuu zako watayarithi. Nje ya uzio wetu, ukitazama upande wa Songwa, utaona miti ya migunga na ua wa minyaa. Hiyo ni moja.

Mkuu akakuna shingo. "Kabula, hizo ni nyasi."

"Ndiyo, Mkuu."

"Hii ni shule ya taifa. Ina watoto wa Mtwara, ina watoto wa Kigoma. Kilimanjaro ni ya wote. Tukianza kila mtu achore kwao, taifa tutalichora wapi?"

Swali hilo, mwanangu, si la kijinga. Nimelibeba tangu siku ile, na ni zito kuliko gunia la mahindi. Ukikutana na mtu aliyelijibu kwa dakika moja, huyo hakulisikia.

Kabula hakulijibu. Alisema hivi: "Mimi nimekula mbele ya ukuta huu miaka minne. Baba yangu akija kikao cha wazazi anaupa mgongo, anakunywa soda yake, anaondoka. Kwake kuchora ni mchezo wa watoto wanaokwepa jembe. Nataka kitu kimoja tu, Mkuu. Siku ya mahafali baba autazame ukuta."

Mimi nilikuwa nimeandaa utani kuhusu mguu mmoja wa mtu wa mkuki, nikaumeza.

Aliyetuokoa ni Mwalimu Mosha wa hesabu, aliyekuwa anapita na kikombe cha chai. Akasimama, akautazama mlima, akasonya. Mwalimu, tena wa hesabu, akasonya.

"Mkuu, kama ni kura, mimi naomba mlima huu ufutwe."

"Wewe, Mosha? Mlima wenu?"

"Huo si wetu. Mimi nimezaliwa Rombo. Kwetu ukiamka asubuhi unakutana na Mawenzi, imechongoka, imekaa mbele yako kama mama mkwe, na Kibo inachungulia kwa nyuma. Fundi huyu Mawenzi kaisahau kabisa. Tangu nihamie hapa nakula nikitazama ugali mweupe uliomwagwa juu ya jiwe. Sijawahi kusema. Ningemwambia nani hapa?"

Mkuu alimtazama, akatutazama, akatazama miguu ya twiga. Akasema haya, choreni ngitili yenu. "Lakini wageni wasipoupenda, Jumatatu ukuta unapakwa chokaa na mlima unarudi."

"Na Mawenzi," Mwalimu Mosha akasema.

"Na Mawenzi," Mkuu akakubali, kwa sauti ya mtu aliyechoka kabla ya kazi kuanza.

Basi tukaanza. Wenzetu wakienda michezo, sisi tunapandisha dawati juu ya meza, meza juu ya matofali, na Kabula juu ya vyote. Rangi ya kijani haikuwepo, tukawa tunachanganya njano na buluu kwenye ndoo ya kuogea. Mpaka leo nikioga natoka na kucha za rangi ya mchicha. Mchana jua la dirishani linakupiga kisogoni, jioni mbu wanamalizia. Watu wakiona picha wanasema ni kipaji. Mwanangu, picha ni mabega.

Siku ya kwanza Kabula aliniuliza nitachora upande upi.

"Wewe kwenu pakoje?" akasema. "Labda nikuachie kona."

Nikafikiri. Nikafikiri sana. Mimi nimekulia kwenye rashi. Rashi ni pale dhahabu inapotokea, watu wanahamia na maturubai, na baada ya wiki pana kinyozi, pana banda la video, pana makarasha ya kusagia mawe yanayopiga kelele mpaka unasahau kama kuna ndege duniani. Mashimo tunayaita maduara. Ukishaijua njia ya kwenda kisimani, habari inakuja kwamba dhahabu imetokea kwingine, na turubai linakunjwa. Kila mahali nilipopazoea nilipaacha pamekuwa shimo.

"Kwetu ni duara," nikamwambia. "Nikuchoree duara?"

Hakucheka. "Basi chora anga," akasema. "Anga halina mwenyewe."

Nikapewa anga. Kuhusu mawingu sikuhangaika; niliyatoa kwenye mfuko wa unga wa ngano pale jikoni, meupe, mviringo, yamenona. Nikajisifu.

Kabula yeye aliingia kwenye nyasi na hakutoka. Alikuwa anachora jani moja moja. Kuna nyasi ndefu zenye manyoya, kuna fupi zinazotambaa, kuna zile zinazonata kwenye soksi, zote alizijua, na kila aina aliipa mahali pake. Akachora migunga, akachora ua wa minyaa, akachora kichuguu. Mwisho kabisa nyuma akaweka vile vilima vya kijivu vya mchanga wa mgodi wa almasi.

"Hivyo viache," nikamwambia. "Vinaharibu picha."

"Vipo," akasema.

Nikachukua brashi yangu, nikarudi kwenye mawingu.

Ukuta ulipokaribia kwisha ulikuwa kitu cha kukutuliza. Pale ukutani ilikuwa masika, ngitili imefungwa, nyasi mbichi hadi magotini, hakuna kiumbe ndani. Madenti wa kidato cha pili walikuwa wanapita wanapunguza sauti, sijui kwa nini. Hata mpishi, ambaye hajawahi kusifia kitu hata chakula chake, alisimama na mwiko wake akasema, "Hapo palivyo, ukilala usingizi unakupata."

Wiki moja kabla ya mahafali Mkuu akaja kukagua. Akazunguka, mikono nyuma.

"Nzuri. Nzuri sana. Ila mbona patupu?"

"Patupu vipi, Mkuu?" Kabula akauliza.

"Hakuna kitu. Mgeni rasmi atauliza tumechora nini. Wekeni ng'ombe. Usukumani na ng'ombe, jamani, hilo nalo mpaka niwaambie mimi wa Tanga?"

Kabula alifungua mdomo. "Mkuu, hapo ng'ombe hawa…" Kisha akamwangalia Mkuu usoni, akaona ile hofu yake ya wageni rasmi, akaona na chokaa ya Jumatatu nyuma yake. "Sawa, Mkuu."

Mkuu alipoondoka nikamwona Kabula amekaa kwenye tofali, brashi inadondosha rangi kwenye kiatu.

"Weka tu," nikamwambia. "Ng'ombe wa ukutani, nani atauliza?"

"Wewe ni wa rashi," akasema. Hakusema kwa ubaya. Alisema kama mtu anayesoma kipimajoto.

Akaweka ng'ombe. Na kwa kuwa hajui kufanya kitu vibaya hata akichukia, aliweka ng'ombe wazuri kuliko wote niliowahi kuona. Mwekundu mmoja mwenye nundu iliyoegemea upande, mweusi mwenye baka jeupe tumboni, wengine wameinamisha vichwa kwenye nyasi zile mbichi mpaka unasikia wanavyotafuna. Mkuu alipoona akapiga makofi.

Siku ya mahafali ikafika. Wewe ulikuwepo, ulikuwa unabeba viti, kwa hiyo sitakuchosha na hotuba. Mgeni rasmi, yule mama wa wilayani, aliukaribia ukuta, akasema, "Hongereni, mandhari nzuri ya Tanzania yetu," akapigwa picha, akaenda kukaa. Mkuu akapumua mpaka tai ikasogea. Mimi nikamkonyeza Kabula: tumepita. Yeye alikuwa anatafuta mtu kwa macho. Baba yake alikuwa amefika, amevaa koti la kahawia, na alikuwa amekaa mwisho wa bwalo, ameupa ukuta mgongo kama kawaida yake, soda mkononi.

Chakula kikaanza kugawiwa. Ndipo Mzee Luhende, babu yake Kabula mzaa baba, akanyanyuka na sahani yake ya pilau. Mzee yule ni mfupi, mkali, na husema kwa sauti ya mtu anayeita ng'ombe kutoka ng'ambo ya mto. Akasimama mbele ya ukuta. Akatafuna. Akaacha kutafuna.

"Mke wangu," akaita. Huku Usukumani ndivyo babu anavyomtania mjukuu wake wa kike, usishangae. "Njoo hapa, mke wangu."

Kabula akaenda na sinia la soda.

"Ng'ombe wa nani hawa?"

"Babu, hiyo ni picha."

"Nimeona ni picha, mimi si kipofu. Nauliza ng'ombe wa nani."

"Hawana mwenyewe, babu."

"Hapa si pale kwetu? Huu si ule ua wa minyaa aliopanda marehemu kaka yangu? Kichuguu hiki si kile? Nyasi ziko mbichi namna hii, hata mbegu bado, halafu ng'ombe wamo ndani wanakula, na wewe mke wangu umesimama unagawa soda."

Wazee wengine wakasogea na sahani zao. Mmoja akasema kumbe kweli, ng'ombe wamo ndani. Mwingine akainamisha kichwa. "Huyu mwekundu, hii nundu naijua. Huyu ni wa Maduhu."

Mzee Maduhu, mwenye sahani ya kuku, akageuka. "Wa kwangu? Wa kwangu hana pembe hiyo."

"Wewe si uliwahi kuingiza?"

"Lini?"

"Unajua lini."

"Yule alikuwa ndama, na ndama haendi na kalenda. Hilo tulilimaliza, nilitozwa, mkala mkashiba. Leo mnanifufulia ukutani?"

Wanasema penye wazee haliharibiki neno. Mimi niliyekuwepo nakuambia: penye wazee kumi neno linagawanywa vipande kumi, kila mmoja anaondoka na chake na bado wanadai baki. Bwalo zima likawa linazungumzia ng'ombe. Muziki ukapunguzwa. Mgeni rasmi akaacha paja la kuku nusu njia. Mkuu akaja karibu mbio, jasho limemtoka.

"Wazee wangu, samahani. Samahani sana. Kosa ni letu. Jumatatu ukuta huu unapakwa chokaa, tunarudisha mlima. Naomba mkae mle."

Kabula aliweka sinia mezani polepole sana, kama lingevunjika. Baba yake kule mwisho aligeuka, mara ya kwanza.

"Chokaa?" Mzee Luhende akauliza. "Nani kasema chokaa?"

"Si hamjaupenda, mzee wangu?"

"Mwalimu, wewe kwenu ng'ombe wakiingia ngitili mnachoma ngitili?"

Mkuu akafuta jasho kwa tai.

"Sisi tunasema ng'ombe watolewe. Nyasi zimekosa nini?"

"Au zikaushwe," akasema Mzee Maduhu, aliyekuwa ameanza kumpenda yule mwekundu. "Wapake rangi ya kiangazi, nyasi ziwe njano, ng'ombe wabaki. Wakati wa kiangazi hawana kosa. Na wamenona, jamani."

"Kiangazi tunacho nje," mzee mwingine akasema. "Tukifuate na ukutani?"

Mabishano yakaanza upya, safari hii kati ya wanaotaka kutoa ng'ombe na wanaotaka kukausha nyasi. Hakuna aliyetaja chokaa tena. Mama mgeni rasmi akamwuliza Mkuu taratibu, "Kwa hiyo hapa ni mahali pa kweli?" Mkuu akageuka akautazama ukuta kana kwamba ulikuwa umeletwa sasa hivi na lori.

Mimi nilikuwa nimejibanza nyuma ya sufuria la pilau nikifurahia. Furaha haikukaa. Mzee Luhende aliinua uso.

"Na haya mawingu nani kayaleta?"

Nikatoka. "Ni mimi. Shikamoo, babu."

"Marahaba. Hii ni pamba au ni mawingu?"

"Mawingu, babu."

"Nyasi hizi zilinyeshewa na haya? Wewe ni mtoto wa nani?"

"Natoka Geita."

"Sikukuuliza unatoka wapi. Umekula ugali wa hapa Kishapu mpaka umeota ndevu, halafu unatuletea mawingu ya kigeni. Wingu la mvua la hapa hujaliona? Jeusi kwa chini, limeinama, linakuja limechoka kama limebeba mgonjwa mgongoni. Hujaliona?"

"Nimeliona, babu."

"Basi lichore. Unatutia aibu."

Mwanangu, mimi nimekaripiwa maisha yangu yote. Kwenye rashi mtoto anakaripiwa kwa sababu amesimama njiani, kwa sababu kamba inapita, kwa sababu hakuna anayemjua. Sijawahi kukaripiwa kwamba natia watu aibu. Ili umtie mtu aibu lazima kwanza uwe wake. Nilisimama pale na masikio ya moto, na ukiniuliza leo nilijisikiaje nitakuambia nilikuwa na njaa, kwa sababu hilo lingine siwezi kulisema vizuri.

Wakati wote huo baba yake Kabula alikuwa anakuja, hatua kwa hatua, soda ameisahau mezani. Alifika ukutani. Aliupitia kuanzia kona ya migunga, kidole kikifuata ua wa minyaa bila kuugusa, akafika kwenye kichuguu, akafika kwenye vilima vya mgodi. Kisha akarudi kwenye nyasi, akainama kabisa, kama anatafuta kitu kilichodondoka.

"Hii ndogo ya chini," akasema, "umeiona wapi? Hii siku hizi haioti."

"Nilikuwa naiona nikiwa mdogo, baba. Nikikuletea maji."

Akanyooka taratibu. Halafu akasema kwa sauti ambayo ni sisi wa karibu tu tuliisikia, "Ngitili tumeifungua mwezi wa sita, mayu." Mayu ni mama, ndivyo wanavyowaita na mabinti zao.

"Mwezi wa sita?" Kabula alikuwa bwenini. Hakuna aliyemwambia.

"Mvua ilikata mapema. Ng'ombe wakawa wanaanguka njiani. Tukakaa baraza, tukaifungua yote kwa pamoja. Sasa hivi ukienda ni udongo na miti." Akafuta mikono kwenye koti ingawa haikuwa na kitu. "Wazee hawa wote walikuwepo. Ndiyo maana wanapiga kelele. Watoe ng'ombe wako, mayu. Angalau hii isiliwe."

Kabula akasema, "Sawa, baba." Akachukua sinia lake akaenda kumalizia kugawa soda, na mtu asiyemjua angedhani ana mafua.

Mkuu alikuwa amesimama nyuma yetu na alisikia. Jumatatu chokaa haikuja. Zilikuja ndoo ya njano na ndoo ya buluu, na Mkuu alizileta mwenyewe.

Kumtoa ng'ombe ukutani, nikuambie, ni kazi kuliko kumwingiza. Yule mwekundu hakutaka kutoka. Unapaka kijani, kikikauka anarudi, kama kivuli tumboni mwa nyasi. Unapaka tena, anarudi nundu peke yake. Kabula alipaka, akachora majani upya juu yake, jani moja moja, akiwa na mtihani wa kemia kesho yake. Mimi nilifuta mawingu yangu ya mfuko wa unga nikaanza kutafuta lile linalokuja limechoka. Sijalipata sawasawa. Mzee Luhende alipita juzi na baiskeli, akatazama, akasema, "Bado." Akaondoka. Nitaendelea nalo nikipata nafasi kati ya fizikia na usingizi.

Mwalimu Mosha ameshauomba ukuta wa pili. Anasema atakaa na kiti pale chini, na mtu akikosea Mawenzi hata kidogo atamnyima maksi. Mkuu akamwuliza, kwa uchovu wake ule, "Na mtoto wa Mtwara je?" Mwalimu akajibu, "Aje na mikorosho yake, na aje na bibi yake wa kumsahihisha." Mkuu alihesabu kuta za bwalo kwa macho, akahesabu mikoa kwa vidole, akaacha. Tatizo halijaisha, mwanangu. Kuta hazitoshi. Lakini afadhali bwalo lenye watu wanaogombania kuta kuliko lile tulilokula tukiupa ukuta mgongo.

Sasa sikia ninachokuachia, kengele haijagonga.

Siku moja na wewe utapewa ukuta, au karatasi, au utasimama mbele ya wageni uambiwe: tuonyeshe nchi yetu. Utashawishika kuitoa kwenye kalenda. Kalenda ni rahisi, haikukaripii, na wageni rasmi huipigia makofi. Usiichukue. Nenda kachore mahali ambapo ukikosea jani moja kuna mzee atasimama na sahani yake mkononi, aulize. Kama ni mlima, chora mlima, ila mtafute kwanza mtu aliyeamka chini yake. Kama ni mgodi, chora na mchanga wake, upo, usiufiche. Na usidhani unalivunja taifa ukichora kwenu. Mtu asiye na pa kumuuma hawezi kuumwa na pa mwenzake, na nchi ya watu wasioumwa ni picha ya kuning'inizwa dukani.

Wakikwambia weka ng'ombe, na wewe unajua hawapaswi kuwemo, sema. Sema mapema, kwa adabu, mikono nyuma. Ukishindwa kusema, jiandae kuwatoa mmoja mmoja.

Na kama wewe ni kama mimi, mtoto wa maturubai, huna ua wa minyaa uliopandwa na marehemu yeyote, usikae pembeni ukachora anga la mfuko wa unga. Kaa na watu. Kula chakula chao. Uliza wingu lao linakujaje. Watakukaripia. Siku watakapokukaripia kwa nguvu, nyamaza, uitike, na uchukue brashi.

Nenda sasa, mwanangu, utachelewa kuhesabiwa namba. Mungu akuwekee watu wa kukusahihisha popote utakapotupwa. Akupe macho ya kuona nyasi wakati bado zipo. Akuletee mvua isiyokata njiani, wewe na wenye ng'ombe wa Songwa, na wa Rombo, na wa Mtwara, na wale walio chini ya maduara asubuhi hii ambao mimi nawajua kwa majina.